Makengeza na jicho vivu: miwani, kiraka, matone au operesheni?

Mzazi mwenye mtoto wa makengeza huku Nyanda za Juu Kusini hupewa ushauri wa kila namna kabla hajafika hospitali. Bibi anasema yataondoka mtoto akikua. Jirani anajua mtu anayeuza miwani sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Mwalimu anasema apelekwe Dar akapasuliwe. Mwingine ana dawa ya majani ya kudondoshea. Ukiondoa hiyo ya majani, ambayo imewaachia watu makovu kwenye kioo cha jicho na haina nafasi hapa, kila mmoja wa hao wengine anaweza kuwa amesema kweli kuhusu mtoto fulani na kumpoteza mtoto mwingine. Makengeza yana aina nyingi, na tiba inayomfaa mmoja inaweza isimsaidie kabisa wa pili.

Kabla ya kulinganisha tiba, tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: macho yanaelekea wapi, na kila jicho linaona kiasi gani. Jicho likipinda, ubongo hupokea picha mbili zisizokutana. Mtu aliyeanza kupinda jicho akiwa mtu mzima huona vitu viwili viwili. Mtoto mdogo haoni hivyo, kwa sababu ubongo wake huchagua picha moja na kuipuuza ya pili. Jicho linalopuuzwa kwa muda mrefu hubaki na uoni hafifu hata ukilivalisha miwani sahihi. Hilo ndilo jicho vivu. Operesheni hunyoosha mwelekeo lakini haiamshi jicho vivu. Kiraka huamsha jicho vivu lakini hakinyooshi mwelekeo. Miwani, kwa baadhi ya watoto, hufanya yote mawili.

Kuna pia mtoto ambaye macho yake yamenyooka kabisa, ila jicho moja lina namba, yaani nguvu ya miwani linayohitaji, kubwa kuliko lenzake. Huyu hakuna anayemshtukia, wala yeye mwenyewe halalamiki, maana hajawahi kuona kwa namna nyingine. Kwa maoni yangu huyu ndiye anayepotea zaidi. Mwenye makengeza angalau watu humwona na kumsema.

Kupima: nyumbani, bila matone, na kwa matone

Nyumbani unaweza kuanza na tochi ya simu. Mkalishe mtoto, simama kama nusu mita mbele yake, mwangazie kwa muda mfupi akiwa anakutazama, kisha angalia ile nukta ya mwanga inayong'aa juu ya kila jicho. Ikikaa sehemu ileile kwa macho yote mawili, huenda hakuna makengeza. Watoto wengi wana pua pana pale juu katikati ya macho, na ngozi hufunika kidogo weupe wa upande wa ndani, basi wakaonekana kama wamepinda. Ikiwa nukta iko katikati ya mboni (lile tundu dogo jeusi la katikati) ya jicho moja na pembeni kwa jingine, kuna makengeza ya kweli. Ikiangukia ukingo wa mboni, jicho limepinda kama digrii 15. Ikifika ukingo wa sehemu nyeusi yote, ni kama digrii 45. Wapimaji hutumia hesabu hiyohiyo kwa mtoto asiyetulia.

Tochi inakosa makengeza madogo, na yale yanayokuja na kuondoka. Kipimo cha kufunika jicho moja na kutazama kama la pili linasogea ili kushika shabaha kina uwezo mkubwa zaidi, ila kinataka mtu aliyefundishwa. Hospitalini wataongeza miwani yenye lenzi nyekundu na kijani, au picha ambazo sehemu yake huonekana kuinuka kutoka kwenye karatasi. Hivyo huonyesha kama macho mawili yanashirikiana au kila moja linafanya kazi peke yake.

Sasa, pale ambapo wazazi wengi hutumia fedha vibaya: miwani ya mtoto iliyopimwa bila matone. Mtoto ana nguvu kubwa ya kukaza lenzi ya ndani ya jicho, na akikaza mashineni namba yake halisi hujificha. Mtoto mwenye plasi kubwa (namba ya jicho linalolazimika kukaza lenzi ili lione vizuri) anaweza kuonekana hana namba kabisa, au hata kupewa mainasi, namba ya asiyeona mbali. Ndiyo maana mtoto mwenye makengeza hupimwa baada ya kudondoshewa dawa inayolegeza lenzi na kutanua mboni. Kwa macho meusi kama ya watoto wetu, matone mepesi huwa hayatoshi kila mara, na wapimaji wengi huchagua atropini, dawa kali zaidi ya aina hiyo, inayowekwa nyumbani siku chache kabla. Usumbufu upo: mtoto ataona ukungu kwa karibu na kuumizwa na mwanga kwa siku kadhaa. Panga kipimo wakati wa likizo, si wiki ya mtihani.

Kwa hiyo kati ya duka la miwani linalompima mtoto kwa dakika tano na kliniki inayokutaka urudi mara mbili, nenda kliniki, hata kama nauli ya bajaji inauma. Miwani ya kusomea ya barabarani mwachie babu aliyevuka miaka 40 anayetaka kusoma gazeti.

Miwani au operesheni?

Swali hili huulizwa kana kwamba mtu anachagua kati ya dawa dhaifu na dawa kali. Kinachoamua ni aina ya makengeza.

Mtoto aliyeanza kupinda jicho kwa ndani akiwa na miaka miwili au mitatu hivi, hasa anapotazama kitu cha karibu, mara nyingi ana namba kubwa za plasi. Ili aone vizuri hukaza lenzi, na kukaza lenzi huvuta macho ndani. Mvalishe plasi yake kamili, muda wote, na kwa wengi macho hunyooka kabisa au hupungua kupinda. Akivua, jicho linapinda tena, na hapo ndipo wazazi hukata tamaa wakidhani miwani imeshindwa. Haijashindwa. Mtoto huyu akipasuliwa bila kuvalishwa miwani, ile nguvu inayovuta jicho ndani inabaki palepale.

Mtoto aliyepinda kwa ndani kabla ya kutimiza miezi sita, kwa pembe kubwa na muda wote, ana habari nyingine. Kwake miwani mara nyingi haitoshi, na wataalamu wengi hulenga kumfanyia operesheni kabla ya kutimiza miaka miwili, ili ubongo upate nafasi ya kujifunza kutumia macho mawili pamoja. Huyu ndiye ambaye "atakua yataondoka" humgharimu zaidi. Macho ya mtoto mchanga huweza kutangatanga miezi ya kwanza, ni kweli. Yakiendelea kupinda baada ya miezi minne, hakuna cha kusubiri.

Wa tatu ni yule ambaye jicho huenda nje mara mojamoja: akichoka, akiwa na homa, au akitoka juani. Hufumba jicho moja kwenye jua kali, na huku kwetu jua la saa sita mchana hukutia makunyanzi hata siku ya baridi. Kwake kuna nafasi ya kungoja huku akifuatiliwa. Ikiwa jicho linatoka mara chache na macho bado yanashirikiana, kukimbilia kisu si lazima. Likianza kutoka sehemu kubwa ya siku, mazungumzo hubadilika.

Operesheni yenyewe huogopwa kuliko inavyostahili. Kila jicho lina misuli sita ya kulisogeza. Daktari hulegeza msuli unaovuta kupita kiasi kwa kuurudisha nyuma kidogo, au hukaza ulio dhaifu kwa kuufupisha. Jicho halitolewi mahali pake na ndani yake hakukatwi kitu. Mtoto huwekwa nusu kaputi, na hiyo ndiyo sehemu inayotaka hospitali yenye watu wa usingizi waliozoea watoto. Baada yake jicho huwa jekundu kwa wiki kadhaa. Wengine huhitaji operesheni ya pili miezi au miaka baadaye, na daktari anayekuambia hivyo mapema anakutendea haki. Kama kuna jicho vivu, kwa kawaida hushughulikiwa kwanza, au angalau huanza kushughulikiwa, kwa sababu jicho linaloona vizuri hushika mwelekeo vizuri zaidi baada ya kunyooshwa.

Mtu mzima aliyekaa na makengeza tangu utoto naye anaweza kunyooshwa. Uoni wa jicho vivu hatarudishiwa na kisu, ila kuweza kumtazama mtu usoni kwenye usaili wa kazi si jambo dogo, na sikubaliani na wanaoliita urembo. Aulize tu kabla kuhusu hatari ya kuona viwili baada ya operesheni. Kuna njia ya kuijaribu kwa lenzi za prizimu, zinazopindisha mwanga ili picha mbili zikutane, kabla ya kukata.

Kiraka au matone?

Hapa ndipo chaguo la kweli lipo, kwa sababu kwa jicho vivu la kiasi tiba zote mbili zinafanya kazi. Mwaka 2002 matokeo ya utafiti wa Marekani uliowahusisha watoto 419 wa kati ya miaka 3 na 7 yalitangazwa. Baada ya miezi sita, waliofunikwa kiraka na waliowekewa atropini kwenye jicho zuri walikuwa wamepanda takribani mistari mitatu kila upande kwenye ubao wa kupimia. Kiraka kilitangulia kidogo, tofauti ndogo isiyotosha kumlazimisha mtu.

Lakini kwanza miwani. Kama mtoto ana namba, avae miwani wiki kadhaa kabla ya kuongeza chochote. Kwa watoto wenye namba zinazotofautiana, miwani peke yake iliponya kabisa zaidi ya robo yao katika utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2006. Mzazi akiambiwa arudi baada ya wiki sita bila kiraka asidhani amepuuzwa.

Miwani ikifika mwisho wa uwezo wake, linganisha hivi:

| | Kiraka | Atropini |
|---|---|---|
| Kinachofanyika | Hufunika jicho zuri ili jicho vivu lifanye kazi | Hutia ukungu wa karibu kwenye jicho zuri |
| Kwa jicho vivu la kiasi (6/12 hadi 6/24: linasoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 12 hadi 24) | Saa 2 kwa siku zilitosha kama saa 6 | Siku mbili za wikiendi zilikaribia sawa na kila siku |
| Kwa jicho vivu kali | Chaguo la kwanza, saa 6 kwa siku | Chaguo la pili |
| Shida ya kila siku | Mtoto hukibandua, ngozi huwasha, wenzake humcheka | Mwanga humuumiza, kusoma karibu kwa jicho zuri ni tabu |
| Hatari ya kuangalia | Jicho zuri kudhoofika likifunikwa kupita kiasi | Hiyo hiyo, na dawa ni sumu ikinywewa |

Jedwali halisemi nani nyumbani atasimamia. Mama anayetoka alfajiri kwenda shamba la viazi na kurudi jioni hawezi kukaa na mtoto wa miaka minne kuhakikisha kiraka hakibanduliwi, na dada wa kazi atachoka kilio siku ya pili. Kwa nyumba ya namna hiyo, tone moja Jumamosi na moja Jumapili ni rahisi, na mtoto hana la kufanya likishaingia. Kwa upande mwingine, mtoto anayekaa na bibi mkali asiyebabaika na machozi atafika mbali kwa kiraka, na saa zake mbili zinaweza kwenda huku akichambua mchele au akicheza bao.

Tofauti nyingine hujitokeza nje. Atropini hutanua mboni, na mboni ikitanuka mwanga wote unaingia. Mtoto wa Mbeya mjini, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, atahitaji kofia yenye ukingo mpana. Kiraka hakina shida hiyo. Kina shida ya wenzake. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza anaweza kukataa shule kwa sababu ya kuitwa chongo. Kibandikwe baada ya shule, saa kumi hadi saa kumi na mbili, ugomvi uishe.

Kiraka cha kweli hubandikwa usoni, chini ya miwani. Kitambaa kinachofunika lenzi ya miwani huacha nafasi pembeni, na watoto ni wajanja, watachungulia. Ukikosa vya kununua, pedi safi ya pamba na plasta ya hospitali vinafanya kazi, mradi uelekezwe jinsi ya kuvibandika.

Kwa atropini, baada ya kudondoshea bonyeza kona ya ndani ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isishuke kooni. Uso ukiwa mwekundu, mdomo ukakauka, akawa na homa au akahangaika isivyo kawaida, acha dawa na mpeleke hospitali. Chupa ikae juu, mbali na watoto.

Umri nao una maneno yake. Kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo tiba inavyoitika haraka, na kabla ya miaka 7 ndio wakati mzuri. Lakini yule wa miaka 10 au 12 asiambiwe kwamba amechelewa, maana watoto wa umri huo wameonyesha kupata nafuu, na hata baadhi ya wenye miaka 13 hadi 17 ambao hawakuwahi kutibiwa. Tiba ikiisha, takribani mtoto mmoja kati ya wanne hurudi nyuma ndani ya mwaka. Kwa hiyo tarehe za kliniki za baada ya "kupona" ni sehemu ya tiba.

Mazoezi ya macho

Kuna video nyingi kwenye simu zinazoahidi kuondoa makengeza, na miwani pia, kwa kuzungusha macho. Ziache. Lipo tatizo moja ambalo mazoezi hulitibu kweli: macho yanayoshindwa kukutana kwa karibu. Mwenye nalo ni mwanafunzi ambaye macho yake yamenyooka, anasoma ubao vizuri, ila akikaa na kitabu robo saa maandishi yanakimbia, yanakuwa mawili, kichwa kinauma, na hujikuta akifunika jicho moja. Msogezee ncha ya kalamu kuelekea puani. Ikiwa anaona mbili, au jicho moja linatoroka, kalamu ikiwa bado mbali kuliko sentimita 6, kuna sababu ya kupimwa.

Uchaguzi ni kati ya kufanyia nyumbani na kufanyia kliniki. Utafiti wa mwaka 2008 uliowapima watoto 221 wa miaka 9 hadi 17 kwa wiki 12 ulipata kwamba waliofanya mazoezi kliniki kila wiki na kuongezea nyumbani, asilimia 73 walipona au kupata nafuu. Waliosogeza kalamu nyumbani tu walikuwa asilimia 43, na waliofanya mazoezi bandia asilimia 35. Kalamu peke yake, basi, haikupishana sana na kutofanya kitu. Kwa mwanafunzi wa Ludewa au Chunya asiyeweza kuja mjini kila wiki, njia ya kati ni kufundishwa mara moja kwa makini, pamoja na uzi wenye shanga tatu unaofungwa kwenye kitasa na kushikwa puani, halafu arudi kila mwezi apimwe. Na asiahidiwe alama za juu. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba macho yalirekebika, ila uelewa wa kusoma haukupanda kuliko kwa waliofanya mazoezi bandia.

Mtu mzima aliyeanza kuona viwili

Funika jicho moja, kisha jingine. Ikiwa kuona viwili kunaisha kila unapofunika mojawapo, tatizo ni la ushirikiano wa macho. Kukibaki hata jicho moja likifunikwa, tatizo liko ndani ya jicho hilo, mara nyingi kwenye lenzi au kioo chake, na haraka si ile ile.

Hilo la kwanza, likianza ghafla, si la kwenda kutafutia miwani. Mishipa mitatu ya fahamu huendesha misuli ya macho, na ikiguswa na kisukari, shinikizo la damu, uvimbe au mshipa wa damu uliotutumka, kuona viwili ndiyo dalili. Kope ikianguka, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, kichwa kikauma vibaya, ulimi ukawa mzito au upande mmoja wa mwili ukalegea, nenda hospitali usiku huohuo. Kuona viwili kunakozidi jioni na kupungua asubuhi, pamoja na kope zinazolegea, kuna ugonjwa wake wa misuli, nao hutibiwa kwa dawa.

Kwa mwenye kisukari au shinikizo ambaye amepimwa na hakuna hatari nyingine, chaguo ni prizimu au kungoja. Mishipa hiyo mara nyingi hurudi yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo kutengeneza miwani ya prizimu ya gharama wiki ya kwanza ni kupoteza fedha. Prizimu ya kubandika juu ya miwani, au kufunika jicho moja tu, inatosha kwa muda huo. Dereva wa bodaboda akabidhi pikipiki kwa mwingine.

Mbeya, Iringa, au safari?

Kipimo cha matone, miwani, kiraka na atropini havihitaji Dar. Anza na kitengo cha macho cha hospitali yako ya wilaya au ya mkoa, upewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kutegemea unakaa wapi. Kwa wa Makambako umbali wa kwenda upande wowote haupishani sana, basi chagua mahali utakapoweza kurudi kila baada ya wiki sita hadi nane. Tiba ya jicho vivu ni ya miezi, na kliniki ya karibu unayorudi inamsaidia mtoto kuliko ya mbali uliyoiona mara moja.

Safari inakuwa na maana kwa operesheni ya misuli ya mtoto mdogo. Hospitali za Muhimbili na CCBRT ziko Dar es Salaam, ya KCMC iko Moshi. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, pamoja na foleni ya malori kwenye mlima Kitonga, na mtoto akipata mafua njiani nusu kaputi inaweza kuahirishwa. Piga simu kabla, uliza siku ya kliniki ya watoto, siku ya operesheni, na kama bima yako inagusa nauli ya rufaa au miwani. Mafuriko ya gharama mara nyingi hutoka kwenye malazi ya kungoja zamu.

Kuna mmoja asiyengoja rufaa ya hatua kwa hatua: mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe, iwe kwa kumtazama au kwenye picha ya simu yenye mwako, awe na makengeza au asiwe nayo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya ndani ya jicho, ambayo ikiwahiwa maisha huokolewa. Huyo hapewi miwani wala kiraka kwanza. Apelekwe hospitali ya rufaa kesho asubuhi, na picha hiyo ya simu ionyeshwe dirishani ili asiwekwe kwenye foleni ya kawaida.